Pua ya Mzee Okumu na Povu Lisilo na Macho

Kwanza nawa mikono. Usinawe kwa sabuni yenye manukato. Nawa kwa maji na majivu kidogo, halafu ujikaushe kwa kitambaa ambacho hakijalala jikoni. Na kama asubuhi ulikula omena, wale dagaa wa ziwani, rudi nyumbani, leo si siku yako. Nawaambia hivi nyinyi vijana mnaokuja kwangu na vikopo vyenu, mkitaka ninuse niwaambie kama krimu yenu ya kunyolea imefaulu. Mnakuja mkiwa mmekula chipsi njiani, vidole vinang'aa mafuta, kisha mnashangaa Mama Conso akiwarudisha mlangoni kabla hamjaketi. Sina ubaya na mtu. Hata mimi nilirudishwa hivyo hivyo, tena zaidi ya mara moja.

Jina langu ni Consolata. Miaka ya themanini yote, na ya tisini karibu yote, kazi yangu hapa Kisumu ilikuwa kupiga povu. Chekeni mmalize. Nyuma ya reli kulikuwa na karakana ndogo iliyotengeneza krimu ya kunyolea ndevu, ile ya zamani ya mkebe, inayopigwa kwa brashi na maji ya vuguvugu. Vinyozi wa mjini waliitumia, na wengine mpaka Muhoroni kwenye miwa. Kabla mikebe haijafungwa, ilikuwa lazima mtu ainuse ile krimu, apige povu lake, alipake kwenye kidevu cha mtu aliye hai, kisha aseme ndiyo au hapana. Mtu huyo alikuwa Mzee Okumu, mpishi mkuu wa karakana. Baadaye tukawa wawili, yeye na mimi.

Najua mnachotaka kuuliza. Mwanamke asiye na ndevu aliingiaje hapo? Niliingia kupitia samaki. Mama yangu alikuwa akiuza samaki ufukweni Dunga, na mimi nilikua nikifungua matamvua ya ngege na kunusa. Siku moja Mzee Okumu alikuja kununua, akanisikia nikimwambia mama kwamba samaki fulani amelala, tumtenge. Macho ya yule samaki yalikuwa bado yanang'aa.

"Umejuaje, binti?" akaniuliza.

"Ananuka jana."

Akatoa mkebe mfukoni, akaufungua. "Hebu nusa na hii."

Nikanusa. Nikamwambia ni limau na mchaichai, tena ni nzuri, lakini chini yake kuna kitu kama sufuria iliyoshika moto. Alicheka mpaka akashikilia meza. Kumbe wiki hiyo msaidizi wake alikuwa ameunguza mafuta, na karakana nzima hakuna aliyenusa isipokuwa yeye. Akamgeukia mama. "Mama, huyu msichana unamharibia hapa."

"Kwani samaki ni uharibifu?" mama akamjibu. "Wewe unakula nini nyumbani, sabuni?"

Wakabishana hapo hadi wakawa marafiki, na mwezi uliofuata nilikuwa karakana. Mzee aliniita Nyar Seme, yaani binti wa Seme, kwa sababu kwetu ni Seme. Hakuwahi kuniita kwa jina lingine.

Sasa sikilizeni namna ya kunusa, maana hapa ndipo mnapokosea wengi. Krimu hainuswi mara moja. Unainusa ikiwa baridi ndani ya mkebe. Unainusa tena ikiwa povu, maji ya moto yakishaiamsha. Halafu unangoja mtu anyolewe, aoshwe, akauke, ndipo unanusa shavu lake. Mzee alikuwa akisema harufu ya kwanza ni ya muuzaji, ya pili ni ya fundi, na ya tatu ni ya mwenye uso, na huyo ndiye anayerudi nayo kwa mkewe. Pua ikichoka, usikimbilie kahawa kama mlivyoona sijui wapi. Nusa mkono wako mwenyewe, hapa ndani ya kiwiko. Pua hupumzika kwa harufu ya mwenyewe. Wageni wakinikuta nimeinamia kiwiko walidhani nalia, wakaanza kunipa pole.

Na povu? Weka krimu kidogo tu, kama punje ya maharagwe. Brashi iloe, uikung'ute, upige ndani ya bakuli ukiongeza maji kwa matone. Usiwe na pupa. Povu zuri ni zito na jeupe, viputo vyake ni vidogo hata huvioni. Ukiona viputo vikubwa vinakutazama, hilo tuliliita povu lenye macho, nalo ni la kumwaga. Pitisha kidole katikati. Njia ya kidole ikijifunga haraka, maji yamezidi. Kisha lipake usoni ungoje. Likikauka karibu na sikio kabla wembe haujafika kidevuni, usiruhusu mkebe hata mmoja utoke.

Mimi wiki yangu ya kwanza nilitaka kuonyesha ufundi. Nikapiga povu likapanda, likapanda, nikalipaka usoni mwa Barasa hata macho yake yakabaki madogo. Barasa alikuwa bawabu wetu, Mluhya wa Luanda, na ndiye peke yake aliyekubali mwanamke amshike kidevu. Wanaume wengine waliona aibu. Walisema wake zao wataambiwa nini. Basi nikapitisha wembe, na ile hewa yote niliyoiita povu ikapasuka, wembe ukapita juu ya ngozi kavu. Damu ikatoka. Mzee Okumu akaangalia, akasema kwa upole, "Nyar Seme, umemjengea mtu kanisa usoni, lakini ndani hakuna waumini."

Barasa naye, huku ameshika shavu, akasema, "Waumini wako, mzee. Ni mimi hapa naomba Mungu."

Mungu ambariki popote alipo. Kidevu chake kilinifundisha mengi. Na msidhani hakikumletea matata. Alikuwa akienda kwao mwisho wa mwezi akinukia limau na karafuu, mashavu laini, na mkewe akaanza kuhesabu mambo yasiyokuwepo. Siku moja tukasikia kelele langoni. Mama huyo amekuja kwa basi la asubuhi, leso imefungwa kiunoni, anataka aonyeshwe mwanamke anayemshika mumewe uso. Nikatoka na brashi mkononi. Wee! Nilidhani nitapigwa nayo. Mzee Okumu akamkaribisha kiti, akamketisha Barasa mbele yake, akaniambia nifanye kazi yangu yote kama kawaida, mama akitazama. Nilipomaliza, Mzee akamwambia, "Sasa mnuse wewe, mama. Wewe ndiye unayeishi na huo uso."

Akamnusa. Halafu akasema, "Imekuwa kali hapa karibu na mdomo. Punguzeni karafuu." Na haki ya Mungu, Mzee akapunguza karafuu! Alinusa tena mara mbili, akakubali kwamba mama yule amesema kweli, na krimu ikabaki hivyo miaka yote. Huyo ndiye mtu aliyenifundisha kazi. Hakujali neno limetoka kinywani mwa nani.

Lakini siku niliyomheshimu zaidi ni ile ya Muhoroni. Kinyozi mmoja wa huko alikuwa amerudisha mikebe, amekasirika kabisa. Tukamfuata. Alikuwa na kibanda chake cha mabati kando ya barabara ya matrekta ya miwa, vumbi tupu.

"Bwana, hii dawa yenu ni bure," akatuambia. "Inakatika kama maziwa ya kulala. Wateja wananicheka."

Mimi nilikuwa na majibu yangu tayari mdomoni. Mzee akanikanyaga mguu. Akamwomba kinyozi maji anayotumia, akayaonja kwa ncha ya ulimi, akapiga povu nayo. Lilitoka jembamba, na kwenye bakuli ukabaki utando wa kijivu. Kisha akapiga lingine kwa maji ya bomba tuliyokuja nayo kwenye chupa kutoka mjini. Likasimama vizuri. Yale ya Muhoroni yalikuwa maji ya kisima, yana chumvichumvi.

"Kwa hivyo nitakuja Kisumu kuchota maji kila siku?" kinyozi akauliza.

Fundi mwingine angesema naam, shida ni maji yako. Mzee Okumu alisema, "Hapana. Kosa ni letu. Tulipima kwa maji yetu, na wewe hunyoi kwa maji yetu." Tukarudi na dumu la maji ya kile kisima, na tangu siku hiyo dumu la Muhoroni halikukauka karakana. Tulipika na kumwaga, tukapika na kumwaga. Mwisho tukapata: ongeza mafuta ya nazi, maana sabuni ya nazi haiogopi maji ya chumvi. Kinyozi yule akawa mteja wetu mpaka mwisho. Kwa hivyo mkiniletea krimu yenu, swali langu la kwanza ni nani atanyoa nayo, na anateka maji wapi.

Baadaye, miaka ya tisini, yakaja yale makopo ya kufyatua. Unabonyeza, povu linatoka limeshajipiga lenyewe. Mabwana wa Milimani, mtaa wa matajiri, wakayapenda, na siwalaumu, mtu ana haraka ya ofisi. Nililinusa, nikalipaka kwa Barasa. Ni povu safi, halina macho. Ila linakaa juu ya ndevu, haliingii chini kuzilainisha, na ndevu zetu hizi za kujikunja zinataka kulainishwa polepole, la sivyo shingo inajaa vipele. Mzee alilitazama kopo kwa muda mrefu, akalibonyeza tena na tena akifurahi. Akasema aliyefikiria kitu hicho ana akili nyingi. Sikuwahi kumsikia akidharau kazi ya mtu.

Sasa niwaambie kilichotokea mwishoni, maana ndicho kinachonifanya niwe mkali kwenu.

Asubuhi moja Mzee Okumu alikuwa akikoroga, mwiko ukamponyoka mkononi. Tukadhani umeteleza. Akajaribu kusema jambo, mdomo ukaenda upande. Kilikuwa kiharusi. Hospitali walifanya walichoweza, wakamrudisha nyumbani kwake Kisian, upande mmoja wa mwili umelala na sauti imekwenda. Daktari alisema huenda ikarudi, huenda isirudi, mazoezi yaendelee. Mkewe, Mama Pamela, akawa anamnyoosha mkono na mguu kila siku, anamsemesha tangu asubuhi mpaka jioni. Yeye anatazama paa tu.

Kakake mkubwa, Jaduong' Ochola, yaani Mzee Ochola, aliishi Alego, kwao hasa. Alikuwa ameshasema mara kadhaa kwamba ndugu yake apelekwe nyumbani. Mazoezi ni kumtesa bure, akili imeshaondoka, heri alale kwa amani penye ardhi ya baba yake. Alisema kwa uchungu, alimpenda ndugu yake. Lakini Mama Pamela alijua maana yake: akipelekwa hivyo, anapelekwa kungoja kufa. Kila alipowaambia ndugu za mumewe kwamba mzee anasikia, walimuuliza umejuaje, naye hakuwa na la kuonyesha.

Ijumaa moja akaja langoni kwetu. "Nyar Seme," akaniambia, "kesho njoo uninyolee mzee. Shemeji anakuja na gari kumchukua. Sitaki amkute na ndevu za mgonjwa. Amkute mtu."

Nikamwambia nitakuja. Krimu ya zamani ilikuwa imekwisha, kwa hivyo nikachukua mkebe wa mpishi mpya aliyeshika nafasi ya Mzee, ambao ulikuwa bado haujaruhusiwa kutoka. Na huo ulikuwa umeninyima raha wiki nzima. Mafuta ya nazi safari hiyo yalitoka kwa mtu mwingine. Povu lilisimama, kwa maji ya Muhoroni lilipita, shavu la Barasa lilikuwa sawa. Mwenye karakana alitaka jibu langu Jumatatu. Lakini kila nikinusa kulikuwa na kitu, kidogo sana, nashindwa kukipa jina. Nilikuwa nimenusa kiwiko changu mpaka basi. Kwa mara ya kwanza sikuwa na mtu wa kumpa mkebe nimwambie, hebu nusa.

Jumamosi nilipofika Kisian, Jaduong' Ochola alikuwa ameshafika mapema, ameketi kando ya kitanda, kofia gotini. Nje gari lilikuwa limefunguliwa nyuma, godoro limetandikwa. Mama Pamela alikuwa akichemsha maji na hakumtazama.

"Shemeji, usinikasirikie," Jaduong' alikuwa akisema. "Huyu ni ndugu yangu wa tumbo moja. Unadhani mimi nafurahi? Lakini mwangalie. Hayuko."

"Yuko."

"Basi na aniambie."

Mama Pamela akaacha sufuria akaja. Tukamwinua Mzee tukamwegemeza mito, kisha Mama Pamela akarudi jikoni. Amekonda, ndevu zimekuja nyeupe. Nikamwekea taulo la moto usoni, nikapiga povu taratibu kama alivyonifunza, huku naongea naye, ovyo tu, kwamba Barasa anamsalimu, kwamba mvua imenyesha. Macho yake bado paani. Nikampaka shavu moja, nikampaka la pili, nikafika kidevuni. Moyo wangu ulikuwa umekufa, nawaambia kweli. Nilikuwa naona namuaga.

Nilipopitisha brashi juu ya mdomo, chini ya pua, mianzi ya pua ikacheza. Nikadhani povu linamtekenya. Ikacheza tena. Macho yakashuka kutoka paani, yakaja kwenye bakuli, yakaja kwangu. Na ule mkono mzima ukainuka polepole ukanishika hapa, kwenye kifundo cha mkono, kwa nguvu.

"Gole," akasema.

Kwa Kijaluo hiyo ni kusema itoe. Ilitoka kama mtu anayesukuma mlango mzito, lakini ilitoka. Kule jikoni kifuniko cha sufuria kikaanguka.

Jaduong' Ochola akasimama, kofia ikadondoka. "Omera, ndugu yangu! Umesema nini?"

Mzee hakumjali. Alikuwa ananitazama mimi, na uso wake wote, hata ule upande uliolala, ulikuwa umekasirika. "Gole!" Akavuta pumzi. "Nazi."

Nikaliinua bakuli puani. Jamani. Nilipoambiwa tu, nikainusa: nazi iliyozeeka, imechacha kwa mbali, imejificha chini ya limau. Kile nilichokitafuta wiki nzima na pua nzima na afya nzima, yeye amekipata akiwa kitandani, kwa pumzi moja. Nililia hapo hapo na brashi mkononi. Mama Pamela alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, anacheka na kulia, anasema, "Anagombana! Mwanaume wangu anagombana!"

Jaduong' Ochola akachukua taulo lililokuwa kando yangu. Akalichovya kwenye maji ya vuguvugu, akalikamua, akamfuta ndugu yake lile povu mwenyewe, shavu moja, shavu la pili, chini ya pua, kwa uangalifu kama anayeosha mtoto. Alipomaliza akatoka nje. Tukasikia mlango wa gari unafungwa. Akarudi na lile godoro kichwani.

"Mtu anayejua anachokataa habebwi kama gunia," akasema. "Shemeji, endelea na mazoezi yako. Siku akitaka kuja nyumbani, atasema."

Jumatatu mwenye karakana akaniita, akauliza kwa nini ile mikebe haijafungwa. Nikamwambia krimu imekataliwa, irudi sufuriani yote, mafuta ya nazi yabadilishwe.

"Nani amekataa?"

"Mzee Okumu."

Akaniangalia. Akaenda mlangoni akawaambia wapishi wawashe jiko.